Dispensari ya serikali, kliniki ya mtaani ama hospitali ya misheni: ukiwa Kisumu uchague gani?

Mgeni akiingia Kisumu, ameletwa na kazi ama ameolewa huku, swali lake baada ya nyumba na shule ni hospitali, na majibu huwa yale yale tu: enda Russia, enda Aga Khan, enda Avenue, ama ngoja nikupe namba ya daktari wetu wa Kondele ako na mkono mzuri. Sasa mwenye mtoto anakohoa saa tatu usiku pale Nyalenda hayo majibu hayamsaidii sana. Russia, yaani Jaramogi Oginga Odinga, ni hospitali ya rufaa, wagonjwa wanaletwa huko kutoka kaunti nyingi, si mahali pa kukimbilia na homa ya tangu jana. Kitu unahitaji kwanza ni mtu wa kukuona kwa mambo ya kila siku, homa, kikohozi, presha, tumbo, kliniki ya ujauzito, chanjo ya mtoto, na huyo ndio nataka tumchague vizuri.

Nalinganisha aina tatu juu ndizo wengi wetu tunachagua kati yake. Kuna ya serikali, yaani dispensari na kituo cha afya. Kuna kliniki ya mtaani ya mtu binafsi, ile iko chini ya nyumba za kupanga na bango la msalaba mwekundu, Manyatta, Nyamasaria, Mamboleo, Obunga, kila mahali ziko. Halafu kuna ya misheni, za Wakatoliki na makanisa mengine. Hospitali kubwa za kulipa nitazigusa kidogo tu, manake mwenye bima ya kampuni tayari anajua anaenda wapi.

Na msingi wangu wa kupima ni mmoja kwa zote. Mimi huangalia zile dakika kabla daktari hajashika kalamu. Amekuuliza nini, amekugusa wapi, amepima nini. Tailsi, tivii kubwa ya kwa kusubiria, maji baridi, hayo ni mazuri lakini hayajawahi kuponya mtu.

Nani anakutibu

Huku kwetu kila mtu mwenye koti jeupe ni daktari. Ukweli ni kwamba dispensari, ambayo ni leveli 2, mara nyingi utaonwa na sista. Kituo cha afya, leveli 3, utaonwa na klinikal ofisa. Kliniki ya mtaani pia kawaida inaendeshwa na klinikal ofisa ama sista, na zingine ziko na daktari mwenyewe anapitia siku fulani jioni akitoka kazi yake ingine. Misheni utaanzia kwa klinikal ofisa na akiona mambo ni mazito anakupeleka kwa daktari palepale ndani, na hiyo ni faida kubwa, usiidharau.

Kuonwa na klinikal ofisa si kuonewa. Amesoma diploma miaka mitatu akaongeza intanshipu, na malaria, nimonia, vidonda, kuhara kwa watoto ndio kazi amefunzwa kufanya kila siku. Shida ni pale hujui ni nani. Kuna watu wamefanya kazi ya kufagia kwa kliniki, wakaona venye sindano inadungwa, leo wako na chumba chao na wanaitwa daktari. Kwa hivyo angalia ukutani. Kliniki inatakiwa iwe na leseni ya KMPDC, lile baraza la kitaifa la madaktari, ya mwaka huu, si ya mwaka juzi, na mtu anayekutibu awe na yake, klinikal ofisa anapewa na baraza lao, sista anapewa na Baraza la Wauguzi, na ile maabara pia inasajiliwa na bodi yake. KMPDC wako na orodha ya hospitali zenye leseni kwenye tovuti yao, unaandika jina la kliniki unaona. Ya serikali hapa inashinda bila jasho juu wafanyakazi wamepitia kuajiriwa na kaunti na wanajulikana. Misheni pia. Kliniki ya mtaani ndio lazima ukague mwenyewe, na mwenye kliniki mzuri hakasiriki ukimuuliza, atakuonyesha hata kabla hujamaliza swali.

Pesa

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ilienda, tuko na SHA, hiyo ndio bima ya afya ya serikali. Wengi bado hawajashika hii: matibabu ya leveli 2 na leveli 3 yanalipwa na mfuko wa afya ya msingi, serikali ndio inaweka hiyo pesa, kwa hivyo ukishajiandikisha SHA hutakiwi kuulizwa kama umelipa mchango ndio uonwe kwa dispensari. Mchango wa asilimia 2.75 ya mapato, ama angalau shilingi 300 kwa mwezi kwa yule hana mshahara, unahitajika ukifika kulazwa na mambo ya leveli 4 kwenda juu. Kujiandikisha ni *147# kwa simu yako, ama uende na kitambulisho wakusaidie hapo hapo. Na kuna kliniki za binafsi na za misheni zimeingia mkataba na SHA, uliza kabla ya kukaa kwa benchi, usiulize ukiwa umeshatolewa damu.

Hiyo ni karatasi. Kwa ground dispensari ya serikali itakuona bure lakini utaambiwa dawa hii imeisha kanunue nje, na ukijumlisha nauli ya tuktuk na dawa ya kununua kwa kemisti, ile bure imeshapata bei. Hapo ndio kliniki ya mtaani inavutia watu, unalipa lakini unatoka na dawa mkononi. Shida yake ni kwamba bili inajengwa kidogo kidogo, kumuona daktari hivi, maabara hivi, sindano hivi, dripu hivi, na aliyekuandikia vipimo ndiye anayekula faida ya vipimo. Sisemi wote wanaongeza, hapana, kuna klinikal ofisa mtaani wamekatalia watu sindano zisizo na maana na wakawarudisha nyumbani na panadol na ushauri. Lakini huo mtego upo na wewe kama mgonjwa lazima uujue. Misheni iko katikati, kuna pesa ya faili, kuna ya kumuona daktari, bei ziko wazi kwa dirisha la keshia na unapewa risiti kwa kila kitu. Mimi napenda sana mahali pa risiti. Risiti inakuonyesha umepimwa nini, na hiyo ni rekodi.

Homa ndio mtihani wenyewe

Kama nikiambiwa nitumie kitu kimoja tu kupima kliniki ya Kisumu, nitaenda nikaone venye wanashughulikia mtu mwenye homa. Tuko kando ya ziwa, malaria iko mwaka mzima, na kwa hivyo kila joto la mwili tunaliita malaria, na hapo ndio kliniki mbaya inajificha.

Mahali pazuri wanafanya hivi. Wanapima joto kwa kipimajoto, wanakuuliza homa imeanza lini, inakuja na kwenda ama imekaa, umetapika, unakojoa sawa, shingo inakaza, umesafiri, na swali ambalo wengi wanaliruka: umekunywa dawa gani tayari na lini. Halafu wanakudunga kidole wanatia damu kwa kile kipande cha plastiki, wanangoja ile dakika kumi na tano ama ishirini, na wanakuonyesha. Mstari mmoja kwa C huna malaria, mistari miwili unayo, na kama mstari wa C haujatokea kabisa basi hicho kipimo kimeharibika, wakudunge upya. Una haki ya kukiona kwa macho yako. Na kile kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya wewe kumaliza dawa na kupona, juu kinashika protini ya mdudu iliyobaki kwa damu. Ndio maana lile swali la dawa uliyokunywa ni la maana, mtu anayejua kazi akisikia umemaliza dawa juzi atakupeleka kwa hadubini badala ya kukurudishia dozi ile ile.

Ukikutwa nayo, dawa ya kawaida ni AL, yaani artemether-lumefantrine, siku tatu, mara sita kwa jumla, dozi ya pili ni baada ya masaa nane, na inataka uinywe na kitu chenye mafuta kidogo ama maziwa ndio iingie vizuri. Je, umeelezwa hivyo? Ama umepewa bahasha ndogo ya kaki imeandikwa 4x2 ukaambiwa enda?

Sasa linganisha. Serikali kwa hili, mimi nawapa alama kubwa, manake wanafuata mwongozo, wanapima kabla ya kutibu, vipimo vikiwepo. Na wakikukuta huna malaria wanakuambia huna. Watu wanatoka hapo wamekasirika, ati nimekaa laini asubuhi yote nikapewa panadol. Mimi naona huo ndio ubora. Kusema hakuna malaria na kutokupa dawa ya malaria ni kazi ngumu kuliko kuandika dawa.

Kliniki ya mtaani, sikiliza kama wanatoa jibu moja kwa kila mtu. Unajua hilo jibu, malaria na taifodi. Mama ako na malaria na taifodi, mtoto ako na malaria na taifodi, jirani alienda na mgongo akarudi na malaria na taifodi. Taifodi ipo, sikatai, maji yetu tunayajua. Lakini kile kipimo cha Widal kinachofanywa kwa kliniki nyingi kinatafuta kinga za mwili, na hizo kinga unaweza kuwa nazo kwa sababu uliugua zamani ama ulipata maambukizi mengine kabisa. Kipimo kimoja cha Widal hakitoshi kusema una taifodi leo. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara na kinachukua siku kadhaa, na hiyo utaipata hospitali zenye maabara kubwa. Kwa hivyo kliniki ikikuandikia taifodi kwa dakika kumi kila unapoenda, ikakupangia sindano asubuhi na jioni siku tano za kulipia, hama. Unapoteza pesa na pia vijidudu vinazoea antibayotiki, hazifanyi kazi siku unazihitaji kweli, na ugonjwa uliokupeleka pale bado haujajulikana.

Dripu pia. Mtu anayeweza kumeza na kunywa uji hahitaji dripu ya kuongeza nguvu. Ni maji, chumvi na sukari.

Mtoto chini ya miaka mitano

Hapa sitaki tuharakishe. Kuna kitu nimekiona sista wa dispensari akifanya na tangu hapo ndicho naangalia kila mahali. Mtoto alikuwa anakohoa, mama amemfunga shali mbili juu ya baridi. Sista akasema, "Mama, mtoe nguo ya juu kwanza nimuone kifua, usimnyonyeshe kidogo." Akamwacha atulie kwa mapaja ya mama yake, akaangalia saa ya ukutani, akahesabu pumzi dakika nzima bila kuongea na mtu. Chumba kizima kilinyamaza. Alipomaliza akaandika namba kwa kitabu, akaangalia kama nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani mtoto akivuta hewa, akauliza ananyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, analala hataki kuamka.

Hiyo dakika moja ndiyo inatenganisha mafua na nimonia. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja akipumua mara 50 ama zaidi kwa dakika, na wa mwaka mmoja hadi miaka mitano mara 40 ama zaidi, huyo anapumua haraka na anahitaji dawa. Haihitaji mashine wala pesa. Na bado utaenda mahali pa bei, mtoto anaangaliwa akiwa amefungwa vile vile kwa mgongo, daktari anaandika sirapu tatu, moja ya kikohozi, moja ya mafua, moja antibayotiki.

Angalia pia kama amepimwa uzito. Dawa ya mtoto inaenda na kilo, AL inaenda na kilo, panadol inaenda na kilo. Mahali hawana mizani ama iko na imewekewa makaratasi juu, dozi wanaikisia. Serikali na misheni mizani ni kitu cha kwanza, unapita hapo kabla ya kuonwa. Mtaani ni bahati, kuna wako nayo na wanaitumia, kuna wanauliza "ako kilo ngapi mama?" na wanaandika kile umesema.

Na kama mtoto amekuwa mtu wa kuongezwa damu kila mara, mikono na miguu inavimba inauma, macho yanakuwa ya njano, mtu mzuri atauliza mambo ya sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, manake upande huu wa magharibi ugonjwa huo uko kwa familia nyingi. Asipouliza uliza wewe.

Chanjo na kliniki ya ujauzito sina haja ya kuzunguka, enda serikali. Chanjo za watoto ni bure, friji inakaguliwa, rekodi inaandikwa kwa kile kitabu cha mama na mtoto, na ile chanjo ya malaria ambayo Kenya ilianza mwaka 2019 kwa kaunti za huku za ziwa, Kisumu ikiwa mojawapo, inapewa mtoto akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Ile ya miezi 24 ndio watu wanasahau, mtoto ameshaanza kukimbia na kitabu kimepotea. Dispensari nzuri itakutumia mhudumu wa afya ya jamii akukumbushe. Misheni pia wanachanja vizuri. Kliniki nyingi za mtaani hazina hiyo huduma, zitakuambia uende kituo cha afya na ziko sawa kusema hivyo.

Lakini kujifungua ni kitu kingine, uliza mapema maswali mawili. Kukitokea shida usiku, nani yuko, na gari la kunipeleka linatoka wapi. Dispensari haifanyi upasuaji. Kliniki ya mtaani haifai kukushikilia masaa inaona mambo yanaharibika. Misheni yenye thieta na daktari wa usiku inapita hapo, na ndio maana akina mama wengi wanafanya kliniki yote serikali halafu wanajifungulia misheni ama hospitali ya kaunti, na huo mpango mimi naukubali kabisa. Na ujue Katiba kifungu cha 43 kinasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura, iwe ni ya serikali ama ya binafsi, kwa hivyo mtu wako akifika anavuja damu asiwekwe kando ati mpaka deposit ilipwe.

Presha, sukari na kikohozi cha kukaa

Kwa wazee wetu mambo ni tofauti, juu hawa hawaji kupona wakaenda, wanarudi kila mwezi. Kwao ubora ni kuonwa na mtu anayekumbuka, ama faili inayokumbuka.

Angalia venye presha inapimwa. Mzee ametoka kwa bodaboda, amepanda ngazi, hajaketi hata dakika, mashine inafungwa juu ya sweta huku anaulizwa jina la chifu wake. Hiyo namba itakayotoka haina maana. Inatakiwa akae kama dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono wazi umelala usawa wa moyo, asiongee, na ikiwa juu wapime tena, na wasimpe dawa ya maisha kwa kipimo kimoja cha siku moja isipokuwa iko juu sana ama kuna dalili mbaya. Kwa sukari, kidole peke yake kinakuambia ya asubuhi hiyo, kuna kipimo kinaitwa HbA1c kinaonyesha wastani wa kama miezi mitatu, uliza kama wanafanya ama wanakuelekeza wapi. Na uliza lini mara ya mwisho mtu alimvua nyanya viatu akaangalia nyayo zake. Vidonda vya sukari huanzia hapo na yeye hasikii maumivu.

Misheni kwa hili naona inaongoza, dawa hazikatiki ovyo, kuna siku maalum ya presha na sukari, na mtu akikosa kuja wanapiga simu. Serikali wako na siku ya kliniki pia na wanaofanya hiyo kazi wanajua wazee kwa majina, shida ni dawa kuisha, mzee anabadilishiwa leo hii, mwezi ujao ile, halafu anachoka anaacha. Kama uko na uwezo wa kununua dawa za mwezi kwa kemisti yenye leseni, serikali inatosha kabisa. Kliniki ya mtaani ni nzuri kwa kupima tu kati ya miadi, ni karibu, haina foleni. Hata wale wahudumu wa afya ya jamii, wale serikali iliwapa vifaa mwaka 2023, wanaweza kupima mzee presha na sukari kwa sebule yake.

Na kikohozi kimepita wiki mbili, usiku unatoa jasho, kilo zinapungua, usikubali antibayotiki ya tatu kutoka mahali popote. Enda serikali upimwe makohozi, kifua kikuu kipimo ni bure na dawa ni bure, na hakuna kliniki ya binafsi itashinda bei hiyo. Klinikal ofisa wa mtaani anayekuambia mwenyewe "hii enda ukatoe makohozi pale kituo" anajua kazi yake, rudi kwake na mambo mengine.

Foleni, mgomo, na heshima

Foleni ya serikali ni ndefu, Jumatatu asubuhi ndio mbaya zaidi, ukienda mchana katikati ya wiki unapata nafasi lakini maabara inaweza kuwa imefunga. Kuna ubao nje unaonyesha huduma, bei na muda wa kungoja, usome, unakusaidia ukiambiwa ulipe kitu kilichoandikwa bure. Na mgomo ni lazima uuweke kwa hesabu. Mwaka 2024 madaktari walikaa nje siku 56, kutoka Machi hadi Mei, na klinikal ofisa wakagoma zaidi ya miezi mitatu mwaka huo huo. Sista wa dispensari wengine waliendelea lakini kukihitajika rufaa hapakuwa na mtu. Misheni zilikuwa wazi na zilijaa. Kwa hivyo hata kama uko sawa na serikali, kuwa na mahali pa pili ambapo tayari uko na faili.

Heshima sitaweka kwa aina ya hospitali, nimeona utu na ukali kila upande. Lakini kuna vitu vidogo vinakuambia. Mlango unafungwa ukiongea? Majibu ya damu yanatajwa kwa dirisha mbele ya watu wote wa laini? Ukiuliza hii dawa ni ya nini unajibiwa kwa lugha unaelewa, Kiswahili ama Dholuo, ama unaambiwa "kunywa tu"? Mama mkwe wako asiyejua kusoma ameelezwa ile ya asubuhi na ile ya usiku, ama amepewa pakiti tatu zinafanana? Mahali pazuri watamwambia, "Nyanya, sasa wewe niambie venye utakunywa," wasikie kama ameelewa. Wakikufanyia makosa makubwa, kwa ya serikali anza na msimamizi wa kituo na kamati ya hospitali, watu wa kijiji wako ndani ya hiyo kamati, na kwa daktari ama kliniki yoyote KMPDC wanapokea malalamishi kwa maandishi.

Kemisti sijaiweka kwa mashindano makusudi. Kemisti ni ya kununua dawa iliyoandikwa. Wanaouza nusu dozi ya antibayotiki kwa shilingi hamsini si kliniki, hata kama foleni hakuna.

Sasa uchague

Nyumba yenye mtoto mdogo ama mama mjamzito, mimi ningeshika kituo cha afya cha serikali kilicho karibu kama cha kwanza, na misheni yenye thieta kama ya pili. Nyumba yenye mzee wa presha na sukari, misheni kwanza kama nauli inaruhusu, la sivyo serikali na kemisti unayoiamini. Kijana mzima anafanya kazi shifti pale Kibos ama anauza Kibuye tangu alfajiri na hawezi kupoteza siku, kliniki ya mtaani inamfaa, bora awe amekagua leseni, wanapima kabla ya kutibu, na hawana lile jibu moja la kila mtu. Mwenye bima ya kazini aende hospitali kubwa za kulipa lakini bado aulize maswali yale yale, juu huko mtego ni vipimo vingi, ukiingia na mafua unatoka umepigwa eksrei na bima ndio inalia. Na wewe uko nje ya mji, Ahero, Kombewa, Maseno huko, hospitali ya leveli 4 ya karibu ikiwa na daktari na maabara inaweza kukufaa kuliko kusafiri mpaka tauni.

Usingoje kuugua ndio uende kuangalia. Enda siku uko mzima, mwambie unataka tu kupimwa presha na uzito. Utaona leseni kwa ukuta, utaona kama sista ananawa mikono akitoka kwa mgonjwa mmoja kwenda mwingine, sindano inafunguliwa mbele ya mtu, sanduku la sindano zilizotumika limejaa mpaka juu ama linatolewa, utasikia venye wanaongea na wale wako kwa laini. Weka SHA ya nyumba nzima sawa, watoto wote wawe wameandikwa chini ya jina lako. Na ukihama kutoka kliniki moja kwenda ingine usihame mikono mitupu, omba nakala ya majibu ya maabara na orodha ya dawa unazokunywa, ni haki yako, weka ndani ya kitabu kimoja kikubwa cha hadkava, na hicho kitabu kikae mahali hata mtoto wa darasa la nne anaweza kukitoa usiku akitumwa.